Mkwe wa Ukoo wa Khan: Timur, Wazawa Wake na Haki ya Kutawala

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapa mbele, wanafunzi, mabibi na mabwana, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie washindi wa Kituruki na Kimongolia na nasaba za kifalme walizoziacha katika nchi za Kiislamu. Nakiri kwamba nilipoanza kuyaandaa maneno haya nilishawishika kuwasomea orodha ya vita, maana vita ni vingi na mtu akivitaja pamoja na miaka yake huonekana amesoma. Orodha hiyo nimeiacha nyumbani. Badala yake nitalifuata swali moja, ambalo kwa maoni yangu liliwasumbua washindi wenyewe kuliko majeshi ya adui zao: mtu akishaiteka nchi kwa upanga, haki ya kuitawala anaitoa wapi?

Nitalifuata swali hilo kupitia kwa mtu mmoja, Timur wa Samarkand, ambaye Waajemi walimwita Timur-i Lang, yaani Timur Kiguru. Kati ya mwaka 1370 na mwaka 1405 aliipiga miji kuanzia Delhi hadi Izmir, na kuanzia nyika za mto Volga hadi Damascus, akawa kiguu na njia wa kweli, asiyekaa katika mji wake mwenyewe isipokuwa kwa vipindi vifupi kati ya safari moja ya vita na nyingine. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo 35 hakujiita khan hata siku moja. Alijiita amiri, na juu ya uamiri aliongeza cheo cha guregen, neno la Kimongolia lenye maana ya mkwe, mume wa binti wa nyumba kubwa. Mtu ambaye wafalme walimtumia mabalozi kutoka Hispania na China alitaka akumbukwe kwa ndoa yake. Jambo hili lina maelezo, na maelezo yenyewe yanaanzia mbali.

Mwaka 1206, kando ya mto Onon, kurultai, yaani baraza kuu la makabila ya Wamongolia, lilimtawaza Temujin na kumpa jina la Genghis Khan. Alipokufa mwaka 1227 aliacha dola, na pamoja na dola aliacha itikadi iliyodumu kuliko dola yenyewe, kwamba mbingu ziliukabidhi ulimwengu kwake na kwa kizazi chake cha kiumeni, na kwamba hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuitwa khan. Wanawe wanne aliozaa na mkewe mkuu Borte, yaani Jochi, Chagatai, Ogedei na Tolui, ndio walioanzisha matawi yote yaliyofuata. Dola ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo mzima, kama shamba la babu ambalo kila mjukuu wa kiume ana fungu lake, na ninyi mnaojua kesi za mashamba ya babu hamhitaji niwaeleze kilichotokea baadaye.

Upande wa Waislamu nao walikuwa na chemchemi yao ya haki, nayo ilikuwa Baghdad. Sultani aliyeinyakua nchi kwa nguvu aliweza kupeleka zawadi kwa khalifa wa Bani Abbas, akaletewa hati na joho la heshima, jina la khalifa likatajwa katika khutba ya Ijumaa na kupigwa kwenye sarafu, na mambo yakawa halali. Khutba na sarafu zilikuwa ndizo alama mbili za utawala, na sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kuzifahamu, kwa kuwa masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zenye majina yao.

Wamongolia waliikausha chemchemi hiyo. Chanzo cha vita vyao na ulimwengu wa Kiislamu kilikuwa msafara wa wafanyabiashara waliokuwa chini ya ulinzi wa Genghis Khan, ambao liwali wa mji wa Otrar, mpakani mwa dola ya Khwarazm, aliwaua na kuzichukua mali zao. Kufikia mwaka 1220 Bukhara na Samarkand zilikuwa zimeanguka, na Sultani Muhammad wa Khwarazm alifia kisiwani katika bahari ya Kaspi akikimbia. Naomba mlitunze jina la Otrar, kwa sababu tutapita tena hapo. Mwaka 1258 Hulegu, mjukuu wa Genghis Khan kwa upande wa Tolui, aliingia Baghdad, na Khalifa al-Musta'sim akauawa. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema aliviringishwa katika zulia akakanyagwa na farasi, kwa kuwa Wamongolia waliona ni mwiko damu ya mfalme kumwagika ardhini. Miaka miwili baadaye Wamamluki wa Misri, yaani askari watumwa waliogeuka watawala, waliwashinda Wamongolia kule Ain Jalut, na mwaka 1261 sultani wao Baybars akamsimika mtu wa nyumba ya Abbas kuwa khalifa mjini Cairo. Khalifa huyo hakuwa na jeshi wala hazina, lakini Baybars, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa wa kununuliwa, alijua thamani ya kivuli chake.

Walioiangusha Baghdad walisilimu kabla karne haijaisha. Berke, mtawala wa nyika za Volga kutoka tawi la Jochi, alikuwa Mwislamu hata kabla ya Ain Jalut, na alipigana na binamu yake Hulegu. Mwaka 1295 Ghazan, kitukuu wa Hulegu, alisilimu na kuchukua jina la Mahmud alipokuwa akikipigania kiti cha Uajemi. Kusilimu kulikuwa rahisi kuliko kuishi na matokeo yake, kwa sababu sasa mtu mmoja alibeba sheria mbili, sharia ya Kiislamu na yasa, yaani mila na amri zilizonasibishwa na Genghis Khan.

Shahidi wangu katika hili ni mtu aliyekanyaga ardhi yetu. Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, na miaka michache baadaye alikuwa katika kambi ya Tarmashirin, khan wa tawi la Chagatai katika nchi ya Mawarannahr, yaani ng'ambo ya mto. Anasimulia kwamba siku moja wakati wa sala ulipofika, mtumishi wa khan alikuja kumwambia imamu asubiri kidogo mpaka bwana wake amalize kutawadha. Imamu akauliza kama sala hiyo ni ya Mwenyezi Mungu au ni ya Tarmashirin, akaamuru ikimiwe. Khan alifika rakaa mbili zimekwisha pita, akasali pale pale mlangoni watu walipovulia viatu. Msikilizaji Mwislamu husikia kisa hiki akafurahi. Machifu wa Kimongolia waliokuwa nje ya hema hawakufurahi. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba Tarmashirin alipinduliwa kwa kosa la kuipuuza yasa, na baada yake nchi ya Chagatai ikagawanyika, na huko Mawarannahr machifu wa makabila wakawa wanawaweka na kuwaondoa makhan kama watu wanaobadilisha mapazia.

Katika nchi hiyo iliyovurugika ndipo alipozaliwa Timur, karibu na mji wa Kesh unaoitwa leo Shahrisabz, katika kabila la Barlas. Wabarlas walikuwa Wamongolia kwa asili, ila kufikia wakati huo walizungumza Kituruki, walisali, na walichunga mifugo karibu na miji ya Waajemi. Wanahistoria wa ukoo wake waliiweka tarehe ya kuzaliwa kwake kuwa 8 Aprili 1336, kwa mahesabu ya nyota yaliyompendeza. Ujana wake ulikuwa wa kuteka mifugo na kujiunga na huyu leo na yule kesho, na katika miaka ya 1360, akipigana kwa malipo huko Sistan, alipigwa mishale iliyomlemaza mguu na mkono wa kulia.

Mshirika wake mkubwa alikuwa shemeji yake, Amiri Husayn, kaka wa mke wake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mke huyo alipofariki udugu nao ulikatika, na mwaka 1370 Timur aliizingira Balkh, Husayn akauawa, na Timur akamwoa mmoja wa wajane wake, Saray Mulk Khanum, binti wa Qazan Khan wa ukoo wa Genghis. Hapo ndipo lilipotoka jina la guregen. Kisha akamtafuta mwanamume wa ukoo huo huo, Suyurghatmish, akamkalisha kwenye kiti cha ukhan, na huyo alipofariki mwaka 1388 akamkalisha mwanawe, Sultan Mahmud. Sarafu zilipigwa kwa majina ya makhan hawa na amri zilitoka kwa majina yao. Nguvu zote zilikuwa kwa mkwe.

Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Timur aliivaa nguo ya kuazima miaka 35, na wakati wote huo hakuna aliyethubutu kupita nyuma yake kutazama.

Sipendi hata hivyo tucheke tukasahau nguo hiyo ilifuliwa kwa kitu gani. Mwaka 1387 watu wa Isfahan, ambao walikuwa wamekwisha kusalimu amri, waliwaua watoza kodi wake. Kila kikosi cha jeshi kikaamriwa kuleta idadi maalumu ya vichwa, na waandishi wa zama hizo wanataja vichwa 70,000 vilivyojengwa kuwa minara. Mwaka 1388 mji wa Urgench ulibomolewa na mahali pake pakapandwa shayiri. Mwezi Desemba 1398, kabla ya kupigana na Sultani Mahmud Tughlaq nje ya Delhi, aliamuru mateka wauawe wasije wakaasi nyuma ya jeshi, na hesabu iliyoandikwa ni watu 100,000. Waandishi wa enzi zile walipenda namba za mviringo, na mimi siziamini zote, lakini wengi wa walioziandika walikuwa watu wa Timur mwenyewe, walioona kwamba namba kubwa ni sifa kwa bwana wao. Nadhani hilo linatosha kutueleza ni mtu wa namna gani.

Tunapaswa pia kusema wazi kwamba wengi mno kati ya waliouawa na Timur walikuwa Waislamu. Alijipa sura ya mtetezi wa dini, akawaheshimu masharifu na masheikh, akajenga ziyara ya Ahmad Yasavi huko Turkistan, na alipoipiga Delhi alidai kwamba masultani wake waliwalegezea Wahindu kamba. Lakini Baghdad, Aleppo, Damascus na Isfahan hazikuwa miji ya makafiri, wala Bayezid, sultani wa Waosmani aliyeshindwa na kutekwa karibu na Ankara tarehe 28 Julai 1402 na kufia kifungoni mwaka uliofuata, hakuwa kafiri. Ngome ya Wakristo aliyoiangusha, ile ya mashujaa wa Mtakatifu Yohana huko Izmir mwezi Desemba mwaka huo, ni kama aliichukua njiani akirudi, apate na yeye kuitwa ghazi, yaani mpigania dini.

Mafundi ndio waliosalimika. Wachonga mawe, wafumaji, wahunzi wa silaha na wachoraji walisombwa hadi Samarkand, na tembo wa India walibeba mawe ya msikiti mkuu ulioanza kujengwa mwaka 1399. Vijiji vilivyouzunguka mji vilipewa majina ya Baghdad, Damascus, Shiraz na Sultaniyya, kama mtu anayetaka miji mikuu ya dunia ionekane vitongoji vya mji wake. Balozi wa mfalme wa Castile, Ruy Gonzalez de Clavijo, alipofika Septemba 1404 alimkuta mzee ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akiamuru majengo yabomolewe na yajengwe upya kwa haraka isiyo na kifani.

Niruhusuni nikae kidogo Damascus, kwa kuwa pale palitokea mkutano ambao nikiufikiria huona kama umetungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1401 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, kadhi na mwanahistoria wa karibu miaka 70, alikuwa ndani ya mji uliozingirwa. Alishushwa ukutani kwa kamba akaenda kwenye hema la Timur. Huyu ndiye aliyekuwa amekwisha kuandika kwamba dola huzaliwa na asabiya, yaani mshikamano wa watu wa jangwani au nyikani wanaofungamana kwa damu na shida, na kwamba mshikamano huo hulegea kwa starehe za mjini, hata kufikia kizazi cha tatu au cha nne dola ikawa mkononi mwa wengine. Sasa nadharia yake ilikuwa imeketi mbele yake, ikiwa na mguu mbovu.

Timur hakumuuliza habari za nadharia. Alimuuliza habari za Maghrib, yaani nchi za magharibi mwa Afrika ya Kaskazini, miji yake, milima yake na mito yake, kisha akamwagiza amwandikie yote hayo, na mzee akaandika, ingawa alijua vizuri kwa nini mtu kama yule hutaka kuijua nchi. Ibn Khaldun alimpelekea zawadi: msahafu, mswala, vitamutamu vya Cairo, na nakala ya kasida ya Burda, hiyo hiyo ambayo wazee wetu waliifasiri kwa Kiswahili wakaiita Burudai. Timur akamtaka amuuzie nyumbu wake, mzee akampa, na baadaye malipo yakamfuata hadi Misri. Muda mfupi baadaye Damascus iliporwa na msikiti wake mkuu wa Bani Umayya ukashika moto. Ibn Khaldun ameliandika hilo pia, na anasema ni tendo la kuchukiza mno, lakini sura ya Timur aliyotuachia si ya shetani. Anamweleza kama mtu mwenye akili nyingi, anayependa mjadala kuhusu anayoyajua na asiyoyajua. Mimi huona kwamba msomi huyu, aliyetumia maisha yake kueleza jinsi dola zinavyopanda, alivutiwa na kuona moja ikipanda mbele ya macho yake, na kwamba hofu yake na udadisi wake havikutengana.

Mwezi Februari 1405, akiwa njiani kwenda kuipiga China wakati wa baridi kali, Timur alifariki. Mji aliofia ni Otrar.

Sasa nguo ya kuazima ikabaki bila mwili. Kati ya wanawe wanne wawili walikuwa wamemtangulia. Mrithi aliyemteua kwanza alikuwa mjukuu wake Muhammad Sultan, ambaye kwa upande wa mama alikuwa na damu ya Genghis Khan; alifariki mwaka 1403, na kaburi alilojengewa Samarkand, Gur-e Amir, ndilo Timur mwenyewe alimozikwa. Mrithi wa pili, Pir Muhammad, aliwekwa pembeni na binamu yake Khalil Sultan, aliyeiwahi hazina ya Samarkand na kuigawa, na mwaka 1407 akauawa na waziri wake mwenyewe. Aliyebaki amesimama alikuwa Shahrukh, mwana mdogo, aliyetawala kutoka Herat hadi mwaka 1447. Huyu aliichoka desturi ya makhan wa bandia. Alijitambulisha kama sultani wa Kiislamu anayehukumu kwa sharia, na mkewe Gawhar Shad akajenga misikiti, ukiwamo ule wa Mashhad uliokamilika mwaka 1418 na unaosaliwa hadi leo.

Mwanawe Ulugh Beg, aliyekuwa gavana wa Samarkand, hakufuata mkondo wa baba. Alimwoa binti wa ukoo wa Genghis, akajiita guregen kama babu yake, na akaendelea kuweka makhan wa kivuli. Ndiye pia aliyeliweka jiwe jeusi lenye rangi ya kijani juu ya kaburi la Timur, na maandishi ya hapo yanatupa jibu la swali letu kwa ujasiri wa ajabu. Yanamuunganisha Timur na Genghis Khan kwa babu wa pamoja, kisha yanapanda hadi kwa bibi wa ukoo, Alan Goa, ambaye mapokeo ya Kimongolia yanasema alipata mimba kwa nuru iliyoingia hemani kwake. Mwandishi wa kaburi anaongeza kwamba nuru hiyo ilitokana na kizazi cha Ali bin Abi Talib. Hivyo ndivyo nasaba mbili, ya nyika na ya Makka, zilivyofungwa fundo moja juu ya maiti ambaye akiwa hai hakuthubutu kudai kiasi hicho.

Ulugh Beg alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mfalme, na naomba radhi kwa kumpenda kuliko wenzake. Madrasa yake pale Registan ilikamilika mwaka 1420, na baadaye alijenga kituo cha kuangalia nyota ambacho tao lake la kupimia lilikuwa na nusu kipenyo cha karibu mita 40. Akiwa na wataalamu kama al-Kashi, Qadi Zada na Ali Qushji aliandaa majedwali yenye nyota 1,018, na urefu wa mwaka waliouhesabu kwa kufuata nyota umepishana na hesabu za leo kwa takribani dakika moja. Vita hakuviweza. Alipomrithi baba yake, mwanawe mwenyewe Abd al-Latif alimwasi na kumshinda. Kijana huyo hakutaka kuonekana muuaji wa baba, hivyo akamwinua mtu maskini wa ukoo wa Genghis akamwita khan, na mbele ya khan huyo akaletwa mtu aliyedai kisasi cha baba yake aliyeuawa kwa amri ya Ulugh Beg. Khan wa siku chache akatoa idhini. Mwezi Oktoba 1449, akiwa njiani kuelekea Hija, Ulugh Beg alikatwa kichwa. Abd al-Latif alitawala miezi sita tu, naye akauawa.

Kaburi la Gur-e Amir lilipofunguliwa mwezi Juni 1941 na wataalamu wa Kisovieti, akiwamo Mikhail Gerasimov, mifupa ya Timur ilithibitisha ule ulemavu wa mguu na mkono, na mifupa ya Ulugh Beg ilionyesha fuvu lililotenganishwa na shingo. Kuna wanaosimulia kwamba laana ya kaburi ndiyo iliyoleta majeshi ya Hitler tarehe 22 mwezi huo huo. Amri ya Hitler ya kuandaa uvamizi ilitiwa saini Desemba 1940, kwa hiyo laana hiyo ingelazimika kuanza kazi miezi sita kabla ya kaburi kuguswa.

Kuanzia hapo nitakwenda haraka. Ukoo wa Timur uligawanyika kwa ile ile kanuni ya shamba la babu, kila mwana na mji wake, na kila mji ukashindana na mwingine kwa washairi, wachoraji na wajenzi. Herat ya Husayn Bayqara, aliyetawala hadi mwaka 1506, ilikuwa na Jami aliyeandika Kiajemi, Alisher Navoi aliyekipa Kituruki cha Chagatai hadhi ya lugha ya fasihi, na mchoraji Behzad. Sidhani kwamba mfalme mmoja mwenye nguvu angewakusanya watu wote hao. Ni ushindani wa jamaa uliowalisha, na ni ushindani huo huo uliowaacha wazi Muhammad Shaybani, kiongozi wa Wauzbeki, alipotokea kaskazini. Huyu alikuwa wa damu ya Jochi na alijiita khan bila kuazima chochote. Aliichukua Samarkand, na mwaka 1507 akaichukua Herat.

Aliyekimbizwa Samarkand alikuwa Babur, aliyezaliwa Andijan tarehe 14 Februari 1483, wa Timur kwa baba na wa Genghis kwa mama. Baba yake alifariki mwaka 1494 banda la njiwa lilipoporomoka naye ndani ya korongo, na mtoto wa miaka 11 akawa mtawala. Aliiteka Samarkand mara tatu na kuipoteza mara tatu. Mwaka 1504 alijipatia Kabul, na tarehe 21 Aprili 1526, kule Panipat, akiwa na watu wapatao 12,000, bunduki, mizinga na magari yaliyofungwa pamoja kwa kamba za ngozi, alimshinda Ibrahim Lodi na kuichukua Delhi. Madai yake yalikuwa kwamba nchi ile ilikuwa ya ukoo wake tangu babu alipoipiga mwaka 1398. Kwa hiyo miezi ile michache ya uporaji ilikuwa imegeuka hati ya kiwanja. Katika kumbukumbu alizoziandika kwa Kituruki, Babur analalamika kwamba India haina tikiti nzuri, wala zabibu, wala barafu, wala hamamu, na alipofariki mwaka 1530 huko Agra mwili wake hatimaye ulipelekwa Kabul kuzikwa.

Ulimwengu unaiita nasaba yake Moghul, yaani Wamongolia, jina ambalo Babur asingelipenda, kwa maana aliwadharau Wamongolia wa upande wa mama yake kwa uporaji na ukigeugeu wao. Wenyewe walijiita Gurkani, na neno hilo ni lile lile guregen. Akbar, mjukuu wa Babur, aliyeondoa jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu, kwa Wahindu mwaka 1564, alikuwa wa nyumba ya mkwe. Shah Jahan, mjenzi wa Taj Mahal, alijiita Sahib Qiran wa Pili, aliyezaliwa chini ya mkutano wa nyota za bahati, kwa sababu wa kwanza alikuwa Timur. Aurangzeb alimfunga baba yake na kumuua kaka yake Dara Shikoh mwaka 1659, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa shamba la babu lilikuwa limefika Agra. Wa mwisho wao, Bahadur Shah Zafar, mshairi mzee, alihamishiwa Rangoon na Waingereza baada ya maasi ya 1857, akafia huko mwaka 1862.

Lakini namalizia Samarkand. Mwishoni mwa karne ya 18 ukhan wa Bukhara ulipotea mikononi mwa ukoo wa Genghis ukaangukia kwa Wamanghit, kabila la Kiuzbeki lisilokuwa na damu hiyo. Mtawala wao Shah Murad alifanya alichofanya Timur: alimwoa mwanamke wa nyumba ya khan, na akatumia cheo cha amiri. Hata hivyo palihitajika kitu kingine, nacho kilikuwa Kok-tosh, jiwe la kijivu la marumaru lililochongwa, lililokuwa Samarkand na kuaminiwa kuwa ndilo kiti cha Timur. Amiri wa Bukhara hakuhesabiwa amiri kamili mpaka alipokwenda Samarkand akainuliwa juu ya jiwe hilo. Warusi walipouteka mji mwaka 1868 maamiri walilikosa jiwe, wakatawala bila hilo mpaka wa mwisho wao, Alim Khan, alipokimbia mwaka 1920 na kufia Kabul mwaka 1944. Mgeni akienda leo Gur-e Amir atalikuta limewekwa uani, hatua chache kutoka kwenye kaburi la mtu aliyelala chini ya nasaba ambayo wajukuu wake walimwandikia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.